Nani Aliyeacha Mwanya? Uhakiki wa Michezo ya Pazia la Risasi

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya vita, na katika hazina hiyo kushambulia kumepewa sifa zaidi kuliko kukwepa. Shujaa husifiwa kwa mkuki aliourusha. Ni nadra kusifiwa kwa mkuki uliompita. Hata hivyo wahenga hawakuliacha jambo hili bila ya kulitolea hukumu. Walisema kwamba kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Wakasema tena kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Methali hizi mbili aghalabu hutajwa kwa mzaha, kana kwamba zilitungwa ili kuwapa udhuru watu wasio na moyo. Zikipimwa kwa makini huonekana kuwa na maana kubwa zaidi. Zinafundisha kwamba kuhifadhi uhai ni kazi yenye maarifa yake, na kwamba anayerudi nyumbani mzima hakurudi kwa bahati tu.

Iko sanaa moja ya zama hizi ambayo imejengwa yote juu ya maarifa hayo, nayo ni michezo ya kompyuta ambayo Wajapani huiita danmaku, yaani pazia la risasi. Katika michezo hiyo kioo hujaa mamia ya risasi za rangi mbalimbali, zinazokwenda pamoja kwa miviringo, mistari na mawimbi, na mchezaji hutakiwa apite katikati yake akiwa hai. Kwa jina, ni michezo ya kupiga risasi. Kwa kweli, kupiga ni kazi ndogo kabisa ndani yake, kwa kuwa mchezaji hubonyeza kitufe kimoja na kukishikilia, nayo mikono, macho na moyo wake hushughulika na jambo jingine, yaani kutopigwa.

Yamkini msomaji wa jarida la fasihi atashangaa kuona michezo ya namna hii ikiwekwa katika mizani ya uhakiki pamoja na tenzi na tamthilia. Mshangao huo una haki yake, lakini haufai kuzuia kazi. Kitu chenye mtungaji, chenye kanuni zinazojulikana, chenye mapokeo ambayo kila mtungaji mpya huyafuata au huyavunja, na chenye watu wanaokisoma kwa bidii, kimetimiza masharti ya kuhakikiwa. Linalobaki ni kuuliza swali linalokifaa. Swali linalofaa michezo hii ni fupi: pazia la risasi likishuka, na mchezaji akauona mwanya wa kupita, nani aliyeuacha mwanya huo?

Historia yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo ulioitwa Space Invaders, uliotungwa na Tomohiro Nishikado. Mchezaji huongoza mzinga mmoja chini ya kioo, na maadui humshukia kwa safu kutoka juu. Hupewa ngao nne za kujificha nyuma yake, na ngao hizo humegwa kidogo kidogo na risasi za pande zote mbili hata zikaisha. Risasi za adui ni chache, na kila moja ni tishio peke yake. Michezo mingi ya miaka ya 1980 ilishika njia hiyo hiyo: mtungaji akitaka kumfanya adui kuwa mkali zaidi, aliongeza mwendo wa risasi zake.

Mgeuko ulitokea katika miaka ya 1990. Mwaka 1993 kampuni ya Toaplan ilitoa Batsugun, ambao wajuzi wengi huuhesabu kuwa miongoni mwa michezo ya kwanza kabisa ya aina hii. Toaplan ilifilisika mwaka 1994, lakini baadhi ya mafundi wake waliendelea na kazi katika kampuni mpya ya Cave, iliyotoa DonPachi mwaka 1995 na DoDonPachi mwaka 1997. Watungaji hawa waliigeuza hesabu ya zamani. Waliongeza idadi ya risasi hata zikajaa kioo; wakapunguza mwendo wake hata jicho likaweza kuzifuata; wakaondoa ngao; na mwisho wakapunguza mwili wa mchezaji. Hili la mwisho ndilo jambo kubwa. Chombo kinachoonekana kwa macho kina mabawa na mkia kama ndege yoyote, lakini sehemu inayoweza kufa ni kiini kidogo katikati yake, chenye upana wa nukta chache tu za kioo. Risasi yaweza kupita juu ya bawa na isidhuru kitu. Kunguru wa methali hukimbiza bawa lake. Kunguru wa michezo hii amepewa bawa lisilokufa, akaambiwa ahifadhi moyo wake peke yake.

Kutokana na mabadiliko hayo pazia la risasi limekuwa na nguzo tatu, na mhakiki hana budi kuzitambua kabla ya kutoa hukumu. Nguzo ya kwanza ni udogo. Mchezaji hashindi kwa sababu ni mkubwa au ana silaha kali, bali kwa sababu ni mdogo kuliko anavyoonekana. Nguzo ya pili ni nakshi. Risasi hazimwagwi ovyo. Zimepangwa kama nakshi zinavyopangwa katika mlango wa Unguja au wa Lamu, na fundi aliyezipanga anataka zitazamwe. Nguzo ya tatu ni mwanya. Hata nakshi iwe nzito namna gani, pana nafasi ndani yake ambayo kiini kile kidogo chaweza kupita, na mchezo wote ni kuitafuta nafasi hiyo kabla haijafumba.

Mchezaji mzoefu hasomi risasi moja moja, kama vile msomaji wa shairi asivyosoma herufi moja moja. Hutambua kwanza aina. Ziko risasi ambazo njia yake imepangwa tangu mwanzo na haibadiliki. Hizi hujifunzwa kwa kukariri. Ziko zinazomlenga mchezaji mahali alipo. Hizi huongozwa na mchezaji mwenyewe, ambaye hujongea kidogo kidogo upande mmoja ili azivute zote huko, kisha akaruka upande wa pili uliobaki wazi. Tena ziko zinazotawanywa kwa bahati nasibu. Hizi hazina dawa ila utulivu wa jicho. Mtungaji hodari huzichanganya aina tatu hizi kama mshairi anavyochanganya vina na mizani, na mchezaji hujikuta akikariri, akiongoza na kubuni kwa wakati mmoja. Anafanana na mghani zaidi kuliko na mtunzi: maneno si yake, lakini pumzi ni yake, na pumzi ikikosea beti linaharibika.

Mtungaji aliyeifikisha sanaa hii katika ufasaha wa pekee ni Mjapani anayejulikana kwa jina la ZUN, ambaye kwa miaka mingi ameandika programu, akachora na kutunga muziki wa mfululizo wa michezo iitwayo Touhou. Katika mchezo wa sita wa mfululizo huo, uliotoka mwaka 2002, kila shambulio kubwa lina jina lake, kama shairi lilivyo na anwani yake. Katika hadithi inayoizunguka michezo hiyo mapigano si mauaji, bali ni mashindano yenye kanuni, na uzuri wa shambulio huhesabiwa sawa na nguvu yake. Mojawapo ya kanuni hizo ni kwamba shambulio lisilokwepeka haliruhusiwi. Mwaka 2014 ZUN alitoa mchezo mwingine, Impossible Spell Card, ambamo kanuni hiyo inavunjwa kwa makusudi: anayewindwa hutupiwa mashambulio yasiyo na njia ya haki ya kuyakwepa, naye kwa upande wake hupewa vifaa vya kudanganyia. Mchezo huo ni kama tanbihi ambayo mtungaji ameiandika pembeni ya kazi yake mwenyewe. Unakiri kwamba mwanya ni ahadi baina ya mtungaji na mchezaji, na kwamba ahadi ikivunjwa, haki ya kuzishika kanuni nayo huvunjika.

Hapa jibu la kwanza la swali linapatikana. Katika michezo ya pazia la risasi mwanya umeachwa na mtungaji. Adui wa kioo huonekana mkatili, lakini nyuma yake yuko fundi mpole ambaye amehesabu upana wa kila nafasi, amejaribu kupita mwenyewe, na amejua kwamba inapitika. Mchezaji akifa, husema kwa haki kwamba amekosea yeye. Ukweli huu ndio utamu wa sanaa hii, na pia ndio hatari yake, kwa kuwa humfundisha mchezaji kwamba hakuna ukuta usio na mlango, na kwamba aliyepigwa alipigwa kwa kukosa ustadi.

Watoto wa Afrika ya Mashariki hawakungoja kompyuta ili kuujua mwanya. Mchezo wa rede, ambao wengine huuita nage, na ambao Kenya hujulikana kwa jina la kati, umejengwa juu ya fikira hiyo hiyo. Wachezaji wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira, mara nyingi wa matambara au karatasi, na aliye katikati huruka, huinama na kujipinda ili usimguse. Pengine hupewa kazi ya kujaza chupa mchanga huku akiukwepa. Tofauti yake na pazia la risasi ni moja, lakini ni kubwa. Katika rede risasi ni moja tu na anayeirusha ni mtu, mwenye hila, mwenye hasira au huruma, ambaye yuko pale pale na kesho atakuwa yeye wa katikati. Mwanya wa rede haukupimwa na mtu yeyote kabla ya mchezo. Hupatikana kwa kumsoma mrushaji usoni. Ndiyo maana rede ni mchezo wa ujirani, na pazia la risasi ni mchezo wa upweke.

Rede na pazia la risasi vyote ni michezo, na aliyeguswa huanza tena. Ili kuipima thamani ya ustadi huu yafaa kuutoa uwanjani na kwenye kioo, na kuutazama mahali ambapo watu huishi kwa kuusoma mwendo wa vitu vingi visivyozuilika. Mahali pamoja pa namna hiyo ni Piyaya, kata ya wafugaji wa Kimaasai katika wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha, upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Nyumbu wa Serengeti, ambao hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja, hufuata mvua hadi katika nyanda za majani mafupi, na huzaa huko baina ya Januari na Machi. Wengi wa ndama huzaliwa ndani ya wiki chache tu, kwa maelfu kila siku. Majani ya nyanda hizo, yanayoota juu ya udongo wa majivu ya volkeno, ni malisho bora kabisa, na wakati huo ndio wakati wake wa ubora.

Mgeni angedhani kwamba mfugaji huufurahia msimu huo. Lakini ndama wa nyumbu, katika miezi yao ya mwanzo, hubeba kirusi ambacho hakiwadhuru wao wala mama zao, na ambacho hutoka kwa majimaji ya macho na pua. Ng'ombe akiambukizwa hupata homa kali, macho yake hupata ukungu, na karibu kila mara hufa, tiba hakuna. Mfugaji hawezi kuwapiga vita nyumbu milioni moja, wala hana ngao ya kuweka kati yao na ng'ombe wake. Wamaasai ni watu wa ngao, na ngao zao za ngozi zenye michoro ya rangi zinajulikana duniani kote. Lakini hapa ngao haina kazi. Kazi ni kuhama. Mfugaji huwatoa ng'ombe katika majani mazuri na kuwapeleka kwenye malisho duni zaidi, mbali na njia ya nyumbu, na kungoja mpaka ndama wakue na hatari ipungue. Husoma mawingu, husoma vumbi, husoma upande ambao makundi yanaelekea, na kutokana na kusoma huko huamua leo ng'ombe walale wapi na kesho wanywe wapi.

Nguzo tatu za pazia la risasi zote zimo katika kazi hiyo. Upo udogo, kwa kuwa zizi moja mbele ya makundi yale ni nukta. Ipo nakshi, kwa kuwa mwendo wa nyumbu hufuata mvua na majani, ingawa mvua yenyewe haiahidi kitu. Upo mwanya, nao ni yale malisho ya akiba. Lakini jibu la swali la msingi ni jingine kabisa. Mwanya wa Piyaya haukuachwa na mtungaji yeyote. Hakuna fundi aliyeupima na kuhakikisha kwamba unapitika. Uliotafutwa na kupatikana ulipatikana kwa vizazi vya watu waliopoteza ng'ombe wakajifunza, na wakawapasha wana wao habari. Mchezaji wa DoDonPachi akifa mara mia hujifunza njia kwa gharama ya muda wake. Mfugaji anayejifunza kwa namna hiyo hubaki bila ya zizi. Basi maarifa yake ni lazima yawe maarifa ya wengi. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuishi muda wa kutosha kuyapata yote peke yake.

Tena mwanya wa Piyaya ni ardhi. Mfugaji huweza kuhama kwa sababu pana mahali pa kuhamia. Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania ilitenga kilomita za mraba 1,500 katika eneo la Loliondo, katika wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, kuwa Pori Tengefu la Pololeti, kwa hoja ya kuhifadhi mazalia ya wanyama na vyanzo vya maji. Wafugaji wengi walipinga, kwa hoja kwamba malisho yao ya lazima yamo ndani ya mipaka hiyo. Si kazi ya uhakiki wa fasihi kukata shauri hilo. Lakini mhakiki anayejua maana ya mwanya anaweza kusema jambo moja kwa hakika: ustadi wa kukwepa, hata uwe mkubwa namna gani, huhitaji nafasi. Kipunguze kioo kwa nusu na ukiache na risasi zile zile, na mchezaji bora duniani atapigwa. Hapo kusema kwamba amekosa ustadi ni kumdhulumu.

Dhuluma ya namna hiyo inajulikana sana katika historia ya nchi hii, na pazia la risasi haliwezi kusomwa na Mtanzania bila ya kuikumbuka. Vita vya Maji Maji vilipoanza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, waliosimama dhidi ya Wajerumani waliamini kwamba dawa ya Kinjikitile wa Ngarambe ingezigeuza risasi kuwa maji. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu waliishambulia boma ya Mahenge, na bunduki za rashasha ziliwapokea. Risasi zile hazikuwa na nakshi, wala hazikupunguzwa mwendo ili jicho lizione. Waliozipanga hawakuacha mwanya; kutoacha mwanya ndiyo iliyokuwa maana ya silaha ile. Vita vilipokwisha mwaka 1907, watu waliokufa walikadiriwa kuwa 75,000 kwa hesabu ndogo, na kufika 300,000 kwa hesabu kubwa, na wengi wao waliuawa na njaa, baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala.

Mtu mwenye kumbukumbu hiyo akitazama kioo cha Cave au cha ZUN huona ajabu. Risasi zinashuka polepole kama matone. Zinapita juu ya mwili na mwili haudhuriki. Mtu mmoja, mdogo, anasimama mbele ya mamia yake na anatoka mzima. Ile ndoto ya maji imetimia, nayo imetimia kwa namna ya burudani. Je, mhakiki aseme kwamba hii ni kejeli kwa waliokufa? Hukumu hiyo ingekuwa nzito kupita kiasi. Ebrahim Hussein katika tamthilia yake Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, alionyesha kwamba ndoto ile haikuwa upumbavu. Kinjeketile wake ana shaka na maji, lakini mwishoni anakataa kutamka mbele ya wakoloni kwamba yalikuwa uongo, kwa sababu tamko hilo lingewavunja moyo watakaokuja baadaye. Kutamani risasi iwe maji ni tamaa ya kila aliye dhaifu mbele ya mwenye nguvu, na sanaa ina haki ya kuipa tamaa hiyo umbo. Kosa si kuota. Kosa ni kusahau kwamba ni ndoto, na kuondoka na imani kwamba kila pazia lina mwanya na kila aliyekufa aliuona akazembea.

Kazi moja ya mtungaji wa Afrika ya Mashariki inalikabili kosa hilo uso kwa uso. Lual Mayen, mtu wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, baada ya wazazi wake kukimbia vita. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, naye Mayen alikuwa akitembea saa tatu kwenda mahali pa kuitia umeme. Akajifundisha kuandika programu, akatunga mchezo alioupa jina la Salaam, neno la Kiarabu lenye maana ya amani, ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa, kwa kuwa salama na salamu zimetoka katika shina hilo hilo. Baadaye alianzisha kampuni ya Junub Games huko Washington, na mwaka 2018 alitambuliwa katika sherehe za tuzo za The Game Awards.

Kwa umbo, Salaam ni mchezo wa kukimbia, si wa pazia la risasi; anayetafuta ndani yake nakshi za ZUN atakuwa amebisha hodi nyumba isiyokuwa yake. Mchezaji huongoza mkimbizi anayetoka katika vita kwenda mahali pa amani, naye hukwepa mashambulio njiani. Tofauti ya kwanza ni kwamba hapigi mtu. Kile kitufe kimoja cha silaha, ambacho michezo ya Kijapani imekibakiza kwa heshima ya mapokeo, hapa hakina nafasi. Tofauti ya pili ina uzito zaidi. Mkimbizi huyo huhitaji chakula, maji na dawa. Nguvu zikimwishia, ustadi wa vidole haumwokoi. Kwa mpango alioueleza Mayen, mchezaji hununua mahitaji hayo kwa fedha za kweli, na fedha hizo huelekezwa kuwasaidia wakimbizi walio hai. Hivyo Salaam inatoa jibu la tatu kwa swali la msingi: mwanya hautegemei tu jicho la anayekimbia, bali hufunguliwa na watu wengine, au hufungwa nao.

Mpango huo haukosi dosari, na heshima kwa historia ya mtungaji haipaswi kumnyamazisha mhakiki. Mchezo ambao uhai wake hununuliwa humlenga mchezaji mwenye fedha. Mtoto wa kambini, ambaye safari ile ni yake, aweza kuwa ndiye wa kwanza kukwama njiani. Tena kuna hatari kwamba mnunuzi ataridhika na wema wake kama mchezaji wa DoDonPachi anavyoridhika na alama zake. Lakini dosari hizo ni za kazi iliyouliza swali gumu. Mayen ameufanya udogo wa mchezaji kuwa udogo wa kweli: si kiini kilichopunguzwa kwa hisani ya fundi, bali ni mtu mwenye kiu.

Kwa hiyo hukumu juu ya michezo ya pazia la risasi haina budi kuwa na pande mbili. Kwa upande wa umbo, ni sanaa kamili, yenye kanuni kali na uzuri usio na mfano katika michezo mingine. Imempa mtu wa kawaida nafasi ya kuonja utulivu katikati ya wingi unaotisha, na imekipa heshima kitendo cha kukwepa, ambacho mapokeo ya mashujaa yalikinyima. Mwanafunzi wa fasihi anayetaka kuelewa jinsi sharti linavyozaa uhuru atajifunza mengi kwa kuitazama, kama anavyojifunza kwa kutazama mizani ya utenzi. Kwa upande wa maana, ni sanaa inayositiri siri yake kubwa. Inamwonyesha mchezaji risasi na kumficha mpole aliyezipanga. Inamsifu kwa kuupata mwanya bila ya kumwambia kwamba aliwekewa.

Waandishi wa Kiswahili wanaojifunza sasa ufundi wa programu hawalazimiki kuiga sehemu ile ya kwanza na kuiacha ya pili. Mchezo wa pazia la risasi uliotungwa na mtu anayewajua wafugaji wa Piyaya ungeweza kuwa na nakshi inayofuata mvua, na mwanya unaopatikana kwa kukumbuka yale waliyokufa nayo waliotangulia. Na ungeweza kuonyesha kioo chenyewe kikipungua, ili mchezaji ajue kwamba ustadi wake una mpaka usioufanya yeye. Umbo la kazi kama hiyo tayari lipo, na maarifa ya kuijaza yapo. Mchezaji anayejifunza kuuona mwanya amejifunza nusu ya sanaa hii. Nusu iliyobaki ni kuuliza uliachwa na nani, na kwa nini wengine hawakuachiwa.